Maji moto ya Gisenyi na miguu ya Koko



Desemba inakaribia, na kama kila mwaka sanduku letu litafunguliwa tugawane. Tayari wamama wameanza kutuuliza njiani, katika soko la Kadutu, hata mlangoni mwa shule wanapoleta watoto: “Mwalimu, mwaka kesho tutarudia Gisenyi?” Wengine hawakwenda. Wamesikia tu habari ya maji yanayotoka chini ya mawe yakiwa yamechemka, na foto wameziona katika simu za wenzao. Juma hili tunawajibu. Jibu letu ni ndiyo. Lakini kabla ya ndiyo hiyo kuna jambo tunalopaswa kusahihisha, maana tulilikosea sisi wenyewe, hapa hapa katika ukurasa huu.

Mwezi wa saba, tulipokuwa tukiwaalika kwa safari, tuliandika kwamba maji moto ya Nyamyumba “yanaondoa magonjwa ya mifupa, ya ngozi na ya damu.” Hatukuuliza muganga yeyote. Tuliandika kama tulivyosikia kwa waliotutangulia. Mwanafunzi akituletea kazi ya namna hiyo, tungemwandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: “Nani amesema?” Wengi kati yenu mlisoma maneno yale mkapita. Mama mmoja hakupita. Tunamwita Koko, kama sote tunavyomwita katika shirika, na yeye mwenyewe ametuomba tueleze habari yake “juu mwengine asichomeke.”

Tuanze na safari yenyewe, sababu ilikuwa nzuri, na hatutaki kuificha furaha yake nyuma ya huzuni.

Tangu mwanzo wa Januari hadi mwisho wa Julai, majuma 30, kila mama aliyetaka aliweka kando franka 2000 kila juma, mbali na hisa zake za kawaida. Watu walitucheka. Mume mmoja aliuliza: mama anayesafiri bila kilio na bila biashara, anakwenda kutafuta nini? Swali hilo tulilibeba hadi melini, na kule tukalizungumza sana. Ni kweli kwamba wengi wetu tulikuwa tumekwisha kufika Goma, lakini ni kwa mauzo au kwa matanga. Mama mmoja wa miaka 50 na kitu alituambia kwamba tangu aolewe hajalala nje ya nyumba yake usiku hata mmoja, isipokuwa kwa kulinda mgonjwa hospitalini au kukesha na maiti. Hakuwa anajisikitikia. Alisema tu, kama mtu anayehesabu vikombe.

Tulikuwa 14. Jumanne moja ya mwezi wa nane, jioni, tuliondoka bandarini Bukavu kwa meli kubwa ya usiku. Kano rapide ingetufikisha kwa saa chache, lakini tulipenda ile ya polepole, maana bei yake ni nafuu na usiku wa ziwani ni safari peke yake. Tuliiacha milima yetu na nyumba zake zilizopandana, tukapita kando ya Idjwi, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa letu. Giza lilipokuwa zito tuliona taa za wavuvi wa sambaza zikielea mbali kama mji mwengine. Wengi hawakujua kwamba sambaza tunazokaanga kila siku si za Kivu tangu zamani. Zililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, zikazaa, zikakaa. Koko, ambaye alikuwa mtoto wakati huo, alisema: “Basi ni wageni kama sisi wa kuja Bukavu.” Tukacheka wote.

Kabla ya jua kutoka, meli ikikaribia Goma, mbele yetu juu angani kulikuwa na wekundu. Ni Nyiragongo. Ndani ya mlima ule wakati huo kulikuwa na ziwa la moto, na usiku mwanga wake ulipaka mawingu rangi. Wamama wengine walifanya alama ya msalaba, wakikumbuka Januari 2002, moto uliposhuka hadi ndani ya mji na watu wa Goma wakakimbia, wengine wakaja hadi kwetu Bukavu. Koko aliangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza: “Njo ile moto inapika maji tunaenda kuona?”

Swali zuri. Tulimjibu pale pale, na tunalirudia hapa kwa ajili ya watoto watakaosoma. Nchi yetu imekaa juu ya ufa mkubwa wa dunia, ule tunaouita Bonde la Ufa. Udongo wa upande huu na wa upande ule unaachana polepole sana, na ndiyo sababu ardhi yetu hutetemeka, kama lile tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, siku ya Mungu asubuhi. Mvua inaponyesha, sehemu ya maji hupenya katika nyufa na kushuka chini sana, kule mawe yanakokuwa ya moto. Maji yanapata joto, yanabeba chumvi za mawe, kisha yanapanda tena na kutokea kando ya ziwa, na mengine hutokea chini ya ziwa lenyewe, ambapo hatuyaoni. Kwa hiyo si Nyiragongo inayoyapika kama sufuria juu ya mbabula. Lakini moto wa mlima na joto la maji ni ndugu, wametoka katika ufa mmoja.

Goma hatukukaa. Kwenye mpaka tulipanga mstari. Mwanzoni mwa mwezi ule Ebola ilikuwa imetangazwa upande wa Beni, basi tulinawa mikono kwa maji yenye dawa, tukapimwa joto kwenye paji la uso, kila mtu akaonyesha lese-pase yake ya CEPGL. Upande wa pili tulipata kazi nyingine: Rwanda wamekataza sachet za plastiki, na mikate yetu yote ilikuwa ndani ya sachet. Mnaweza kutuona, wamama 14 wazima, tumechuchumaa kando ya njia tukihamisha mikate, avoka na mayai katika vikwembe, huku motari wakitungoja na kutucheka.

Gisenyi ni mji mdogo. Siku hizi katika hati unaitwa Rubavu, lakini sisi bado tunasema Gisenyi. Goma na Gisenyi zimeegemeana kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja, na ndiko CEPGL ilikozaliwa mwaka 1976 na kuweka makao yake. Kando ya ziwa kuna barabara pana yenye miti mikubwa, nyumba za zamani zenye bustani, mahoteli ya wenye nazo, na mbele ya hayo yote mchanga wa kweli, ambao sisi watu wa Bukavu hatuna. Kwetu ziwa linapiga jiwe na ukuta wa parseli ya mtu. Kule mtu yeyote anashuka hadi majini bila kuomba ruhusa. Tulitandika vikwembe mchangani, tukala mikate, na kwa saa mbili nzima hakuna aliyetuita jina. Yule mama wa miaka 50 alilala usingizi mchana kweupe, mdomo wazi. Hatukumwamsha.

Mchana tulipanda basi dogo kuelekea kusini, kama kilometa sita, njia inafuata ukingo wa ziwa hadi Rubona. Hapo kuna kiwanda cha bia cha Bralirwa, ambacho tangu zamani kilitumia gazi ya metani iliyotolewa chini ya ziwa hili hili kwa kuwasha moto wake. Ukiendelea mbele kidogo, unafika Nyamyumba. Wanyarwanda wanayaita maji hayo amashyuza.

Usitegemee kuona hoteli kubwa. Ni mahali pa wazi kando ya ziwa, mawe na mchanga, na maji yanatoka chini yakitoa mvuke. Pale yanapochipuka ni karibu nyuzi 70. Kutoka hapo yanatiririka katika mifereji midogo kuelekea ziwani, na kila hatua yanapoa kidogo, hadi pale yanapochanganyika na maji baridi ya ziwa na kuwa kama ya kuogeshea mtoto. Watu wamekaa humo: wazee wenye maumivu ya mgongo, vijana wanaotoka kucheza mpira, wamama waliovimba magoti. Vijana wa pale wanakukanda mabega kwa malipo kidogo. Tuliweka mayai yetu pale penye moto zaidi, tukangoja karibu nusu saa, yakaiva. Viazi vilichukua muda zaidi. Tulikula tukiwa tumeketi majini hadi kiunoni, na tunakiri mbele yenu kwamba tuliimba.

Ni katika kuimba kule ndipo jambo lilitokea.

Sisi tulikuwa tumesogea chini, penye maji yaliyochanganyika. Koko hakutaka kuloa nguo. Aliketi juu ya jiwe, karibu na mfereji, akatumbukiza miguu hadi juu ya kifundo. Mmoja wetu alimwuliza kama si moto sana. Akajibu: “Maji hii ni muzuri, haichome hata.” Tukaamini. Nani asiyeamini mwenye miguu? Akaendelea kutuhadithia mambo ya zamani, jinsi walivyokuwa wakitembea kwa miguu kupeleka ndizi sokoni, na sisi tukaitikia. Zilipita dakika tano hivi, labda zaidi. Kisha dada mmoja kijana, mwenye kusoma uuguzi, alipanda kuchukua chumvi ya mayai. Alipopita aligusa maji ya mfereji ule kwa mkono, akaurudisha mkono haraka. Akamshika Koko chini ya kwapa na kumvuta nyuma kwa nguvu, hata jiwe likaanguka. Koko akakasirika: “Juu ya nini unanivuta? Mi sisikie kitu!”

Miguu yake ilikuwa myekundu kama nyanya. Yeye aliiangalia kama miguu ya mtu mwengine.

Wamama, tusikilizane vizuri hapa. Mmoja wetu alikimbilia mkoba kutafuta dawa ya meno apake. Mwengine alisema mafuta. Mwengine alishika yai bichi lililobaki. Ndivyo tulivyofundishwa na mama zetu, na kwa upendo wote ni kosa. Yule dada alitukatalia. Alivua mkufu wa mguuni wa Koko kabla mguu haujavimba, akamwagia maji safi ya baridi kutoka bidoni letu la kunywa, polepole bila kuacha, dakika 20 kwa saa. Bidoni likaisha, tukanunua maji ya chupa. Kisha akafunika miguu kwa kikwembe safi bila kukaza. Malengelenge yalikuwa yameanza kupanda. Hakuyapasua. Tukampeleka kwa kituo cha afya, wakamfunga vizuri, wakampima sukari.

Chombo kilionyesha nambari ambayo muuguzi aliiangalia mara mbili. Akamwuliza Koko kama ana ugonjwa wa sukari. Koko akanyamaza. Akauliza tena. Ndipo Koko akasema mbele yetu sote mambo mawili ambayo hatukuyajua, sisi tunaokutana naye kila juma kwa miaka mingi. La kwanza: “Ni myaka mbili sasa, vidole havisikie. Nilizani ni uzee.” La pili: alikuwa ameacha vidonge vyake majuma mawili kabla ya safari. Mtu alimwambia kwamba dawa ya hospitali inapigana na maji, kwa hiyo mwili lazima uende mtupu. Na alipokuwa na shaka, alimwomba mjukuu wake, ambaye ni mwanafunzi wetu, amsomee tena gazeti la shirika. Mtoto akamsomea: “yanaondoa magonjwa ya mifupa, ya ngozi na ya damu.” Sukari si iko katika damu? Basi.

Usiku ule tulilala katika nyumba ya wageni, wengine mkeka, wengine kitanda, na wachache walipata usingizi. Kwa kutayarisha safari tulikuwa tumehesabu kila kitu: nauli, mikate, lese-pase, bidoni, hata karatasi za chooni. Orodha ilikuwa kurasa mbili. Swali “nani kati yetu ana ugonjwa gani?” halikuwamo. Tulidhani tunajuana.

Tumerudi, na habari za Koko mlizifuata. Kidonda cha mguu wa kushoto kilikataa kufunga, maana sukari ikiwa juu kidonda hakiponi. Septemba yote ilipita katika kubadilisha bande. Muganga hapa Bukavu alimwambia wazi mbele ya watoto wake kwamba angekaa majini dakika kumi zaidi, au angekawia kutibiwa, leo pengine tungekuwa tunazungumza habari ya kukata. Sasa kidonda kimefunga. Vidonge amevirudilia. Sukari imeshuka. Anatembea, anacheka, na juzi alitukemea kwa kuchelewa kikao.

Basi, tusahihishe. Sentensi ile ya mwezi wa saba tunaifuta. Maji moto hayaondoi ugonjwa wa sukari, wala tansiyo, wala ugonjwa wowote wa damu. Yanachoweza kufanya ni kupasha misuli joto, kulegeza viungo vilivyokaza, kutuliza maumivu ya mgongo na magoti kwa saa kadhaa au siku kadhaa, na kumpumzisha mtu kichwa. Hilo si kidogo. Mama aliyebeba mzigo miaka 30 akipata siku mbili bila maumivu, amepata kitu. Lakini kutuliza si kuponya, na anayeacha dawa zake kwa ajili ya maji anajiweka hatarini.

Kwa nini Koko hakusikia? Sukari ikikaa juu katika damu miaka mingi, inaharibu mishipa midogo ya fahamu, na inaanza na ile ya mbali zaidi, ya vidole vya miguu. Kwanza mtu anasikia kama sisimizi wanamtembelea, au mguu unawaka usiku. Baadaye hasikii tena, na hapo anafikiri amepona. Kumbe maumivu ni mlinzi, na mlinzi amekufa. Mwiba utaingia, kiatu kitabana, maji yatachoma, na hakuna atakayepiga kelele.

Na msidhani ni mambo ya Gisenyi tu. Wakati wa kiangazi, usiku wa Bukavu una baridi, na ni koko wangapi wanaonyosha miguu karibu na mbabula? Ni wangapi wanalala na chupa ya maji ya moto miguuni? Ni wangapi tunawatayarishia maji ya kuoga na kuwaambia “koko, jaribu kwa mguu kama ni sawa”? Tuliyoyaona Nyamyumba yanaweza kutokea usiku wa leo, Bagira, Kadutu au Ibanda, bila safari yoyote.

Kwa hiyo tunawaomba haya, kwa nyumba na kwa safari.

Mtu mwenye sukari asijipimie maji kwa mguu. Apime kwa kiwiko, au apimiwe na mtu mwengine. Kila jioni aangalie miguu yake, juu, chini na katikati ya vidole. Akiwa haoni vizuri, mjukuu amwangalizie, na hiyo ni kazi nzuri ya kumpa mtoto. Asitembee bila viatu hata ndani ya nyumba. Asioteshe miguu kwa mbabula wala kwa chupa, soksi zinatosha.

Kwenye maji moto, hakuna anayeingia pale yanapochipuka wala katika mfereji wa karibu. Tunaketi pale yanapochanganyika na ziwa, dakika 10 hadi 15, kisha tunatoka, tunakunywa maji safi ya kawaida, tunapumzika. Maji yenyewe ya chemchemi hatuyanywi. Anayesikia kizunguzungu atoke polepole, asimame akishikwa, maana joto linashusha tansiyo. Mama mwenye mimba asikae katika maji ya moto. Anyweshe miguu ziwani na ale mayai pamoja nasi. Mwenye ugonjwa wa moyo amwulize kwanza muganga wake. Mwenye kidonda kibichi asiingie. Watoto washikwe mkono, sababu ngozi yao ni nyembamba kuliko yetu. Na popote kando ya ziwa letu, hasa upande wa Goma na Sake, tusiwaache watoto washuke katika mashimo na mabonde madogo, kwa ajili ya mazuku, ile hewa nzito isiyoonekana inayolala chini na kuua mbuzi na watu.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si mafuta, si yai, si udongo. Afunikwe kwa kitambaa safi, apelekwe kwa muuguzi. Na akiwa mwenye sukari, apelekwe hata kama kidonda ni kidogo na hata kama anasema haumii.

Lakini katika yote, la kwanza ni kusema. Koko hakuficha kwa ubaya. Aliogopa tungemwacha Bukavu. Alisema hivyo mwenyewe: “Mungesema huyu ni mugonjwa, akae.” Na tukiwa wakweli, pengine tungesema hivyo. Hapo kosa ni letu sote. Kama katika shirika mgonjwa anaachwa nyumbani, basi kila mgonjwa atajifunza kunyamaza. Kuanzia sasa, karatasi ya safari itakuwa na mstari wa afya, na atakayeandika “nina sukari” au “nina tansiyo” hatafutwa katika orodha. Atapewa mtu wa kukaa naye.

Tunarudi sasa kwa swali lenu: tutakwenda tena? Ndiyo, kama mnataka, na safari hii tunapendekeza tuanze karibu. Si wote wana lese-pase, na si wote wanaweza kuweka franka 2000 kila juma. Tuna maji moto yetu pia, Kankule, katika Katana, kwenye njia inayopita Kavumu kuelekea Kalehe, kando ya ziwa hili hili. Mtu anakwenda asubuhi na kurudi jioni. Hakuna mchanga wa Gisenyi, hakuna barabara ya miti mikubwa, lakini joto la maji limetoka katika ufa ule ule, na mayai yetu tutayabeba. Wale wenye akiba kubwa tutaangalia pamoja habari ya Gisenyi kwa likizo kubwa.

Na yule mume aliyeuliza mama anakwenda kutafuta nini? Mke wake alimjibu aliporudi. Alisema alikwenda kuketi chini. Tunaona ni jibu la kutosha.

Siku ya Mungu ijayo, kikao baada ya ibada kama kawaida. Yule dada wa uuguzi atakuja na chombo cha kupima sukari na tansiyo, bure, kwa kila mwanachama na mama mkwe wake. Njoni kabla ya kunywa chai. Koko amesema atapimwa wa kwanza, ili wengine wasione haya. Atakuja na viatu vilivyofunika vidole, ambavyo tumemnunulia kutoka mfuko wa misaada. Anasema vinambana kidogo upande wa kulia. Tumefurahi sana kusikia kwamba anasikia.

Tubaki na amani.

Mwalimu wenu